Uovu Ulitoka Wapi? Swali la Wakimbizi Tangu Babeli Hadi Gitega

Wenzangu wa kikundi, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma,

Kila mara mazungumzo yakifika kwenye mauaji, iwe ya kwetu Kivu au ya hapa Burundi, majibu yanakuwa mawili tu. Wa kwanza atasema: "Ni Shetani, bana. Watu waliingiliwa." Wa pili atamwacha amalize, halafu atasema kwa sauti ya chini: "Wale watu ndo walivyo. Ni damu yao." Haya nimeyasikia hapa Muyinga, kambini Gasorwe na Kinama, na nimeyasikia Gitega kwa watu wenye diploma. Ukiyaangalia haraka ni majibu tofauti, moja la kanisani, lingine la kunong'onezana usiku. Mimi nasema ni jibu moja lililovaa nguo mbili. Yote mawili yanamtoa mbele yetu mtu aliyeshika panga. La kwanza linamficha nyuma ya pepo, la pili linamficha nyuma ya babu yake.

Sasa je, imani ya Kikristo yenyewe inasema uovu wa binadamu ulitoka wapi? Wengi tumefundishwa katekesi au shule ya Jumapili, tunajua hadithi ya tunda. Lakini historia ya swali lenyewe hatufundishwi, na ni pole kwetu, kwa sababu ni historia ya watu kama sisi. Swali hili limeulizwa kwa uchungu zaidi na watu waliokimbia nyumba zao.

Tuanze na Babeli. Mwaka 597 kabla ya Kristo jeshi la Babeli liliingia Yerusalemu, likamchukua mfalme pamoja na maelfu ya watu, wakapelekwa mbali kuishi kando ya mto Kebari. Kati yao kulikuwa na kuhani kijana, Ezekieli. Huko uhamishoni watu walikuwa na methali yao: wazazi walikula zabibu mbichi, lakini meno yanayokufa ganzi ni ya watoto. Maana yake tunaielewa bila mwalimu. Sisi hatukufanya kitu, tunalipa deni la baba zetu. Tuwe wakweli, methali hiyo ingeweza kutungwa leo mbele ya bomba la maji, foleni ikiwa ndefu.

Ezekieli, katika sura ya 18 ya kitabu chake, aliikataa. Aliwaambia waache kuisema kabisa. Mtoto habebi kosa la baba, baba habebi kosa la mtoto, kila mtu anajibu kwa njia yake mwenyewe, na anaweza kugeuka. Kwa wahamishwa wale hilo lilikuwa neno gumu na neno la heri kwa pamoja. Gumu, kwa sababu liliwanyang'anya kisingizio. La heri, kwa sababu mtoto aliyezaliwa Babeli hakuzaliwa na hukumu shingoni.

Hadithi ya tunda nayo, ukiisoma polepole, inaongea zaidi juu ya visingizio kuliko juu ya tunda. Mungu anapouliza, Adamu anamtaja mwanamke, tena anaongeza kwamba ni Mungu aliyempa huyo mwanamke. Mwanamke anamtaja nyoka. Ukurasa unaofuata, Kaini anamuua Abeli, ndugu wa tumbo moja. Kabla hajaua, Mungu anamwonya kwamba dhambi imelala mlangoni kama mnyama, na kwamba yeye anaweza kuitawala. Anaambiwa kabla! Hapo ndipo Wakristo wa kwanza walipoona mambo mawili ambayo ni vigumu kuyashika kwa mkono mmoja: kuna kitu kinachomvizia mtu, na bado mlango ni wa kwake.

Aliyejaribu zaidi ya wengine wote kuyashika yote mawili alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo. Alipokuwa kijana hakuingia kwanza kanisani. Kwa miaka kama tisa alifuata mafundisho ya Mani, mtu wa nchi za Babeli ile ile aliyefariki karne iliyotangulia. Wafuasi wa Mani walisema kwamba tangu mwanzo kuna nguvu mbili, mwanga na giza, zinapigana. Mtu akitenda ubaya, siyo yeye, ni giza lililo ndani yake. Mnaona? "Waliingiliwa, bana." Augustino baadaye alieleza kwa nini fundisho hilo lilimpendeza: lilimwachia nafasi ya kutenda kosa bila kuwa mkosaji.

Alipoliacha na kubatizwa, mwaka 387, alianza kuandika kitabu juu ya uhuru wa kuchagua, akakimaliza miaka kadhaa baadaye akiwa tayari padri huko Hippo, mji wa pwani ya Algeria. Hoja yake kwa ufupi ni hii. Mungu hakuumba kitu kinachoitwa uovu. Uovu siyo kitu, ni upungufu, kama tundu kwenye nguo. Tundu halifumwi na fundi, ni mahali ambapo nguo haipo. Linatokea pale utashi wa mtu unapokiacha chema kikubwa na kugeukia kidogo: mali, sifa, hofu ya kuchekwa. Na utashi huo Mungu aliutoa huru, kwa sababu wema wa kulazimishwa siyo wema.

Hayo ni ya chuoni kidogo, najua. Ila katika kitabu chake cha Maungamo, Augustino anasimulia jambo dogo ambalo kwangu linazidi hoja zote. Alipokuwa na miaka kumi na sita, yeye na kundi la vijana waliingia usiku kwenye shamba la jirani wakaiba mapeasi. Hawakuwa na njaa. Matunda yenyewe hayakuwa mazuri, mengi waliwatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, bado anajiuliza: kwa nini? Anachunguza kila sababu na kuikuta haitoshi. Halafu anafika mahali pa kutisha. Anasema peke yake asingefanya. Alifanya kwa sababu walikuwa wengi, na mmoja akishasema twende, unaona aibu kukosa kuwa mbaya.

Watu wengine wanamcheka: askofu mzima analia juu ya matunda! Lakini sisi tunaotoka Fizi, Uvira, Masisi, Rutshuru hatuwezi kucheka. Tunajua kundi linavyofanya kazi. Tunajua kijana anayesema "twende" na wengine wanaoona aibu kubaki. Augustino hakusema kundi lilimfuta. Alisema kundi lilimvuta, na yeye akakubali.

Halafu wakaja wakimbizi. Mwaka 410 Wagothi wa Alaric waliuteka mji wa Roma, na watu wakavuka bahari kwa meli kwenda Afrika, ndiyo, Ulaya ikikimbilia Afrika, walishuka Carthage na Hippo. Wengine walikuwa matajiri waliopoteza nusu ya mali, wengine hawakuwa na kitu. Na kama kawaida kulikuwa na mkubwa wa bandarini aliyefanya biashara juu ya migongo yao: Mtakatifu Yeronimo anamshutumu gavana wa Afrika wa wakati ule, Heraclianus, kwa kuwakamua wakimbizi pesa na hata kuwauza wasichana wa familia kubwa kwa wafanyabiashara. Miaka elfu moja na mia sita imepita. Sisemi zaidi.

Kati ya waliokimbia Roma alikuwamo mtawa kutoka Uingereza, Pelagius. Alipita Hippo, akapita Carthage, akaendelea mpaka Palestina. Alikuwa mtu wa maisha safi, na alichoka kusikia Wakristo wakisema "sisi ni wadhaifu tu". Akafundisha kwamba Mungu hawezi kuamuru kisichowezekana. Adamu alijidhuru mwenyewe, hakutuambukiza sisi. Mtoto anazaliwa kama Adamu alivyoumbwa, na kinachotuharibu ni mazoea na mifano mibaya. Ukitaka kuwa mwema, unaweza. Karibu mwaka 413 alimwandikia barua ndefu msichana aliyeitwa Demetrias, ambaye hakufika miaka ishirini, mkimbizi wa Roma aliyekuwa Carthage na mama yake na bibi yake, na ambaye alikuwa ameamua kuwa bikira wa kanisa. Alimwambia aangalie kwanza nguvu aliyo nayo ndani yake mwenyewe.

Mimi nampenda Pelagius, lazima niseme. Angekuwepo leo angepewa kazi ya kuendesha semina za vijana, na angeziendesha vizuri kuliko baadhi tunazokaa huku tukisubiri Fanta. Kijana wa kambini anahitaji kusikia kwamba anaweza.

Augustino aliposoma barua ile, yeye pamoja na rafiki yake Alypius, alimwandikia mama wa msichana kumwonya. Hoja yake haikuwa kwamba binadamu hana uhuru. Ni kwamba uhuru huo umejeruhiwa. Mtu ana miguu, lakini amevunjika, na ukisimama juu ya kitanda chake ukimwambia "tembea, unaweza", unamdanganya. Anahitaji kutibiwa, na dawa hiyo ndiyo inaitwa neema. Jeraha lenyewe linatoka kwa Adamu na ni la wote, hakuna taifa wala ukoo uliobaki mzima. Mwaka 418 mtaguso wa maaskofu wa Afrika huko Carthage uliyakataa mafundisho ya Pelagius, na Papa Zosimus naye akamhukumu mwaka huo huo. Wakristo wa Mashariki hawakufuata kila alichosema Augustino, hasa ile habari ya kwamba tunarithi hata hatia ya Adamu. Waislamu nao, majirani zetu hapa Muyinga, hawana fundisho la dhambi ya asili: kwao Adamu alitubu, akasamehewa, ikaisha. Na Augustino mwenyewe hakuwa malaika. Ni yeye aliyetetea serikali kutumia nguvu dhidi ya Wakristo wa kundi la Wadonati ili warudi kanisani. Mtu aliyeandika juu ya uhuru wa kuchagua akakubali watu wachaguliwe kwa fimbo! Linatia huzuni.

Lakini shikeni neno moja hapo: jeraha ni la wote. Tutalihitaji tukifika Burundi.

Njia ya kufika Burundi ni fupi kuliko mnavyodhani. Mwaka 1868 Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, nchi ile ile ya Augustino, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Ndio walioanzisha misioni ya Muyaga, mashariki ya Burundi, mwaka 1898, na mwaka uliofuata Mugera, katika eneo la Gitega. Walileta katekesi iliyofundisha kile kilichoamuliwa Carthage: watu wote walianguka katika Adamu, Mhutu, Mtutsi, Mtwa, hata padri mwenyewe mwenye ndevu.

Bahati mbaya, kwenye mzigo huo huo wa Wazungu kulikuwa na hadithi nyingine. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nili. Humo alieleza kwamba watawala wa nchi za maziwa ni jamii iliyotoka Ethiopia, tofauti na wanaotawaliwa. Wengine wakaikuza, wakaiunganisha na Hamu, mwana wa Nuhu. Zamani jina la Hamu lilikuwa limetumiwa kuhalalisha utumwa wa watu weusi: eti walilaaniwa. Baadaye likageuzwa, "Wahamu" wakawa wageni bora waliozaliwa kutawala, na wengine wakawa waliozaliwa kulima. Fungueni Mwanzo sura ya 9 mjionee. Anayelaaniwa pale ni Kanaani, siyo Hamu. Na anayelaani ni Nuhu aliyeamka kutoka kwenye ulevi, siyo Mungu. Laana iliyopangia nusu ya Afrika nafasi yake imejengwa juu ya mtu ambaye hajalaaniwa.

Wabelgiji waliitawala nchi kwa hadithi hiyo. Walipopanga upya utawala wa machifu kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, machifu Wahutu waliondolewa mmoja mmoja, na kufikia 1945 hakubaki hata mmoja. Kwa hiyo mtoto wa Burundi alifundishwa mambo mawili yanayopigana. Kwenye katekesi: sote tuna jeraha moja. Shuleni na ofisini: tabia ya mtu iko kwenye damu yake. Katekesi ilitahiniwa siku ya ubatizo, ikaisha. Lile lingine lilitahiniwa kila siku.

Kulikuwa pia na uamsho, ule uliotoka Uganda na Rwanda, ambao wazee wetu Waprotestanti wanausimulia bado. Anglikana walifungua Buhiga, siyo mbali na Gitega, na Matana, mwaka 1935, na moto wa uamsho ukafika huko. Watu waliungama hadharani: wizi, pombe, uzinzi, ugomvi wa nyumbani. Waliungama kwelikweli, wakarudisha na vitu walivyoiba. Ila chuki ya kabila kwa kabila mara nyingi haikutajwa kwenye orodha. Hiyo haikuonekana kama dhambi ya mtu, ilionekana kama hali ya nchi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mafundisho yalipovuja. Tulijifunza kusema "mimi" juu ya chupa ya bia, tukabaki tunasema "sisi" na "wao" juu ya maisha ya watu.

Mwaka 1972 serikali na jeshi waliwaua Wahutu, wasomi kwanza: walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisini, wachungaji na mapadri. Makadirio yanaanzia 100,000 na yanafika 300,000. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi ya pamoja mkoani Karusi, karibu na mto Ruvubu, kati ya Gitega na Muyinga. Walioua mwaka ule walikuwa na babu wa kumsingizia na hatari ya kuisingizia. Watoto wa waliouawa wakakua na zabibu zile mdomoni.

Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walimuua Rais Melchior Ndadaye, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa. Mlima wa Kibimba uko barabara ya Bujumbura kwenda Gitega, katika eneo la Giheta. Hapo Wakweka, wale Marafiki ambao imani yao inakataza kabisa kushika silaha, walianzisha misioni mwaka 1934, wakajenga shule na hospitali. Siku ile wanafunzi Watutsi wa shule ya sekondari walikamatwa, wakafungwa kamba, wakapelekwa mahali panapoitwa Kwibubu, wakafungiwa ndani ya nyumba ya kituo cha petroli na kuchomwa moto. Ni makumi ya vijana. Mkuu wa shule alihukumiwa kwa kosa hilo, na Julai 1997 akawa mmoja wa watu sita walionyongwa na serikali. Katika majuma yaliyofuata Oktoba ile, Watutsi wengi waliuawa na majirani zao milimani, na Wahutu wengi wakauawa na askari na raia katika kisasi. Leo ukipita na gari Kwibubu unauona mnara kando ya barabara.

Nimejaribu kufikiria shule ile. Miaka karibu sitini ya mahubiri ya amani. Kama Pelagius ana haki, kwamba mifano mizuri na mafundisho vinatosha, basi Kibimba ilipaswa kuwa mahali pa mwisho. Kama "Shetani" ndiye jibu, basi kwa nini wengine wa mlima ule ule, kanisa lile lile, hawakwenda? Na kama ni damu, kwa nini mauaji yalikwenda pande zote mbili kwa mikono inayofanana kabisa?

Augustino anasaidia zaidi hapo. Waliokwenda Kwibubu walikwenda kwa kundi, na mmoja alikuwa amesema twende.

Miaka mitatu baadaye askofu mkuu wa Gitega alikuwa Joachim Ruhuna, Mtutsi aliyekuwa akilaani mauaji ya kila upande, jambo lililomkosesha marafiki kila upande. Tarehe 20 Julai 1996 washambuliaji waliingia kambi ya watu waliohamishwa Bugendana, kaskazini ya Gitega, wakaua zaidi ya 300, wengi wanawake na watoto. Siku ya mazishi Rais Ntibantunganya alirushiwa mawe, na siku mbili baadaye Buyoya akachukua madaraka. Ruhuna alihubiri kwenye mazishi yale, akawalaani waliofanya. Tarehe 9 Septemba 1996 gari lake lilishambuliwa barabarani, katika eneo hilo hilo la Bugendana, akauawa. Mwili wake ulichukuliwa, ukapatikana siku kadhaa baadaye.

Na tarehe 30 Aprili 1997, kusini huko Bururi, watu wenye silaha waliingia bweni la seminari ndogo ya Buta alfajiri. Wakawaamuru vijana watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Arobaini waliuawa. Ni rika letu, wenzangu, wengine walikuwa wadogo kuliko sisi. Fikirieni: Mhutu pale alikuwa na mlango wazi. Angesogea hatua mbili tu. Kundi lilimvuta na hakwenda, au tuseme alikuwa na kundi lingine lililomvuta kwa nguvu zaidi. Kwa sababu uamuzi ule haukuzaliwa alfajiri ile. Tangu 1993 wakubwa wa seminari walikuwa wakiwakalisha vijana pamoja waongee juu ya vita bila kufichana, wacheze pamoja, wasali pamoja. Kwa hiyo simchukui Pelagius na kumtupa. Mazoea yana nguvu, alisema kweli. Lakini wale waliosalimika waliporudi kusimulia hawakusema "tuliweza". Walisema walipewa nguvu.

Wanaosema bado ni damu, niwakumbushe mambo mawili ya karibu zaidi. Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi Wanyamulenge kutoka Kongo, waliuawa usiku kambini Gatumba, karibu na mpaka. FNL walitangaza kwamba ni wao. Walionusurika walisimulia kwamba washambuliaji walikuja wakipiga ngoma na kuimba. Hivyo hata kuimba siyo kinga. Na mwaka 2006, vita vikiwa vinaisha, hapa Muyinga, watu wasiopungua 30 waliokamatwa kwa kushukiwa kuwa upande wa FNL waliuawa mikononi mwa askari, na miili ikatupwa mtoni. Mto gani? Ruvubu, ule ule wa 1972. Safari hii kabila halikueleza kitu. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari kadhaa mwaka 2008, kila mmoja kwa jina lake. Hukumu ile haikuandika "jeshi", haikuandika "Shetani".

Kuna swali ambalo wafanyakazi wa mashirika wanatuuliza kwa upole, na ni zuri: je, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepewa bunduki naye alichagua? Kanisa Katoliki lina jibu la zamani ambalo wengi hatulijui. Ili kosa liwe dhambi ya mauti, haitoshi jambo lenyewe kuwa zito. Lazima mtu awe amejua kikamilifu na kukubali kwa hiari. Hofu, kulazimishwa, utoto, hivyo vinapunguza hatia, vingine vinaifuta. Kwa hiyo uhuru siyo taa ya umeme, ama imewaka ama imezimwa. Mkuu wa shule na mwanafunzi aliyesukumwa hawasimami mahali pamoja. Bashingantahe wa milimani, wakiwa na fimbo yao ya haki, intahe, nao hawakuanza kwa kuuliza wewe ni wa nani. Walikaa wakasikiliza nani alifanya nini, na kwa nini, na mbele ya nani. Walipoharibika, waliharibikia hapo hapo, pale ambapo swali la kwanza lilikuwa wewe ni wa nani.

Baada ya 1993 Kibimba iligawanyika: Watutsi waliohamishwa karibu na kambi ya askari, Wahutu milimani. Watu wachache wa pande zote wakaunda kamati ya amani, wakaanza kurudisha hospitali na shule, mtoto mmoja mmoja, mgonjwa mmoja mmoja. Gitega mjini kanisa la Marafiki likaanzisha mwaka 1996 shirika la upatanisho, MIPAREC, ambalo liliunda kamati kama hizo kwenye milima mingine. Kazi yao ilianza na jambo moja gumu, kumkalisha mtu mbele ya mwingine aseme sentensi inayoanza na "mimi". Wapo waliochukua miaka. Katika Misa pia, ile sala ya kuungama inayosemwa mwanzoni, kila mtu anajipiga kifua chake. Sijawahi kuona mtu akipiga cha jirani.

Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, akiwa na miaka 75. Wavandali walikuwa wameuzunguka mji wa Hippo miezi mitatu, na ndani mji ulijaa wakimbizi kutoka mashambani, pamoja na maaskofu ambao makanisa yao yalikuwa yamechomwa. Possidius, askofu mkimbizi mmojawapo, alikuwa naye, na ndiye aliyeandika. Mzee aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda. Aliomba pia wageni wasiingie, isipokuwa saa ya daktari na saa ya chakula. Siku kumi alilala pale akizisoma na kulia. Nje kulikuwa na maadui wa kweli, wenye majina, na hakuna ambaye angemlaumu kama angelia juu yao.